Pembe Zilizofungwa Kisutu

Mkwaja,
7 Julai 2024

Mwanangu Mboni,

Kalamu nimeishika nina hasira, kwa hiyo mwandiko ukienda mrama usishangae. Darasa la nne nililoishia mie halikunifundisha kuandika huku nagomba.

Jana mchana nimepigiwa simu na matroni wenu, Madam Anastazia. Nilipoisikia sauti yake nikakaa chini, nikajua mtoto kaumwa. Akaniambia, "Mama Mboni, mwanao haumwi, ila haongei." Haongei vipi? Anasema tangu Januari ulipoingia kidato cha kwanza unakula peke yako, unafua peke yako, ukiitwa unaitika kwa kichwa. Juzi chakula umekirudisha kama kilivyo. Akaniuliza ati ndivyo ulivyozaliwa.

Ulivyozaliwa! Weye uliyekuwa ukitumwa chumvi kwa jirani mchuzi unaungua jikoni, kumbe umesimama njiani unapiga soga!

Tena weye ndiye uliyenikasirisha zaidi. Barua zako zote nimezitoa chini ya godoro nimezisoma upya. "Mama, nina marafiki wengi." "Mama, jana tulicheka sana." Mlicheka nani na nani? Mbona hamna jina hata moja humo? Na mie mjinga nilikuwa nazisoma kwa majirani najigamba, kumbe mwanangu yuko huko kama kuku mgeni mwenye kamba mguuni.

Niambie kweli. Nani anakuonea? Jina lake, baba yake, na kwao ni wapi. Simu hapo mmekatazwa, basi andika, barua mpe mlinzi wa getini ampe kondakta Badru, basi lake linafika huku. Usiponiandikia nitakuja mwenyewe, na nitalia pale getini mpaka watu wajae.

Mamako anayekupenda, na sasa hivi amekununia,
Zuwena


Raskazone,
13 Julai 2024

Mama yangu, shikamoo.

Nakuomba usije kulia getini. Nitasema.

Hakuna anayenipiga. Wananicheka. Wengi wametoka Dar na Arusha. Nikifungua mdomo wanalirudia neno langu kwa kulivuta, halafu wanaulizana, "Hicho nacho ni Kiswahili?" Na kwa kuwa kwetu ni karibu na mbuga wananiita Binti Tembo. Siku ya kwanza mmoja aliniuliza mbele ya bweni zima, "Eti kwenu mwenyekiti wa kijiji ni nyani?" Nikamjibu, wakalicheka jibu kuliko swali. Nikaona heri ninyamaze. Na ukishanyamaza siku nyingi, mama, hujui tena uanzie wapi. Yale ya marafiki nilidanganya kwa sababu ulilia siku uliponileta, sikutaka ulie tena.

Lakini sasa kuna jambo, na hili si uongo, jina lake lipo. Anaitwa Loveness. Jumamosi iliyopita nilikuwa nafua, nikaanza kuigonga ndoo kwa kijiko, mdundo wenu wa vugo wa harusini, nikaimba chinichini ule wimbo wa kubisha mlangoni kwa bibi harusi:

Wenye nyumba fungueni,
si wageni ni wa kwenu.

Nikakomea hapo. Si unajua, ule wimbo hauendi mbele mpaka walio ndani wajibu. Basi nikasikia upande wa pili wa kamba ya nguo mtu anaitikia. Maneno hana, anaguna tu, lakini kaingia palepale panapotakiwa, na sauti yake imekaa chini ya yangu kama mkeka. Nilishtuka nikaangusha kijiko. Akachomoza kichwa kati ya mashuka, akasema, "Endelea bwana, mbona unaniacha mlangoni?"

Kwao ni kwenye mashamba ya mkonge, Muheza. Ni Mlutheri, baba yake, Mzee Eliudi, ni mzee wa kanisa, na Loveness mwenyewe ameimba kwaya tangu mdogo. Yeye wanamwita Mtoto wa Manamba, kwa sababu babu yake aliletwa kukata mkonge. Nimemfundisha maneno ya wa ndani, sasa anajibu hivi:

Mkiwa wa kwetu sisi,
mbona mwabisha mlango?

Naye ananifundisha kuimba sauti mbili. Tangu siku hiyo nakula, mama. Muulize matroni.

Nina ombi moja. Ndoo haina mlio. Nitumie zile pembe mbili ndogo za kugongea vugo.

Mwanao,
Mboni


Mkwaja,
18 Julai 2024

Mboni mwanangu,

Binti Tembo! Nilipofika hapo niliiweka barua chini, nikatoka nje nikaizunguka nyumba. Waambie hao wa Dar kwamba huyo tembo anakula migomba yetu kila mwaka, lakini hatujamsikia akimcheka mtoto wa mtu. Ana adabu kuwapita.

Haya. Pembe nimempa Badru. Ni zile za marehemu bibi yako, zilizolainika kwa mikono yake. Sikuzituma hivihivi kama kitu kimetoka buchani. Nimezipaka mafuta ya nazi, nimezifukiza udi na ubani kama tunavyozifanyia asubuhi ya harusi, nikazifunga katika kipande cha kisutu changu cha ndoa, pamoja na vijiti vyake. Zikikufikia zinuse kwanza kabla hujazigonga, ndipo utajua kakutumia nani.

Huyo Loveness simjui, na sikufichi, roho yangu haijatulia juu yake. Si kwa dini yake, Mungu ni mmoja. Ila mtu aliyekaa na kiu muda mrefu hachungulii kisima. Msome kwanza. Siri zako usimpe zote.

Na ule.

Mamako,
Zuwena


Raskazone,
30 Julai 2024

Kwa Mzazi wa Mboni,
Mkwaja.

YAH: MWANAO KUKUTWA NA VIFAA VYA KISHIRIKINA BWENINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika ukaguzi wa mabweni uliofanyika jana, ndani ya tranka la mwanao zilikutwa pembe mbili za mnyama zilizopakwa mafuta na zenye harufu ya ubani. Zilikuwa zimeviringishwa katika kitambaa chenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, pamoja na vijiti viwili. Wasichana walipiga mayowe, wawili walianguka, na bweni zima limekataa kulala naye.

Mwanao alipoulizwa hakujibu neno. Mwenzake, Loveness, amehojiwa na ametoa maelezo.

Kwa usalama wake mwanao amehamishiwa chumba cha wagonjwa. Unatakiwa ufike Jumamosi tarehe 10 Agosti, saa nne asubuhi, mbele ya mkuu wa shule, ueleze vifaa hivyo ni vya kazi gani na vimetengenezwa na nani. Ikithibitika kuwa ni ushirikina, mwanao ataondolewa shuleni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Anastazia
Matroni


Mkwaja,
2 Agosti 2024

Madam Anastazia,

Salamu zimo, ila nimeziweka chini kabisa ya barua, utazikuta ukifika.

Unauliza nani kavitengeneza. Mie. Andika, Zuwena binti Masoud wa Mkwaja. Nimevitengeneza kwa mafuta ya nazi niliyoyapika kwa mikono yangu, na ubani wa dukani unaouzwa mchana kweupe. Ni vya kazi gani? Vya harusi! Wanawake tunasimama mstari, kila mmoja na pembe yake na kijiti chake, tunagonga, tunaimba, tunamtoa bibi harusi. Inaitwa vugo. Mama yangu aligonga, na bibi yake aligonga. Nisamehe kukuuliza, hapo Tanga umekaa miaka mingapi? Harusi hazipiti hapo Raskazone?

Na hicho unachokiita kitambaa ni kisutu, mama, kanga ya bibi harusi. Nilifunikwa nacho siku niliyoolewa, na Mboni alipozaliwa nilimbebea hichohicho. Kama na mganga ana rangi hizo, basi mganga ndiye aliyetuiga sie. Nenda kamkague yeye.

Sasa nikwambie kinachoniuma. Miezi saba mwanangu kakaa hapo hana wa kumwambia nipishe. Hamkufanya ukaguzi. Hakuna aliyeufungua upweke wake akapiga mayowe, hakuna aliyeanguka. Zimeonekana pembe mbili, ndipo naandikiwa barua yenye kichwa cha habari! Aliponyamaza mlisema ana kitu. Alipoanza kuimba mkasema ana mashetani. Basi mtoto afanyeje, apumue kwa kibali?

Na mmemlaza chumba cha wagonjwa. Anaumwa nini? Mmempa wagonjwa wawe ndio wenzake.

Nitakuja Jumamosi hiyo. Nitakuja na kiongozi wetu wa vugo, Bi Zuleha, na wanawake wengine wawili, na pembe zetu. Tutagonga hapo mbele ya mkuu wa shule asikie kwa masikio yake. Atakayeanguka mtammwagia maji.

Hizi ndizo zile salamu. Hujambo?

Zuwena


Mkwaja,
2 Agosti 2024

Loveness,

Hunijui, mie ndiye mama yake Mboni.

Mwanangu aliniandikia habari zako kwa furaha ambayo sijaiona kwake tangu aondoke nyumbani. Nilikuwa nimeanza kukuombea dua, nakutaja kwa jina. Kumbe umeulizwa mara moja tu, ukatoa maelezo! Maelezo gani? Pembe uliziona zikifunguliwa, ulizigonga kwa mikono yako hiyohiyo, na mbele ya matroni umegeuka unamtazama mwenzio kama mchawi?

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ndumilakuwili mkubwa. Mtoto alinyamaza miezi yote hiyo, akaja kufungua mdomo kwa ajili yako, nawe ndiye uliyemfunga.

Barua hii usimwonyeshe Mboni. Hilo tu nakuomba, kama ubinadamu umebaki.

Mama Mboni


Raskazone,
6 Agosti 2024

Shikamoo mama.

Naitwa Loveness Eliudi. Barua yako nimeipata, na Mboni sijamwonyesha.

Nianze na kweli. Nilipoisoma nilikasirika, nikaanza kuandika majibu mabaya, nikayachana. Nikaisoma tena, nikaona ni ya mtu anayempenda mtoto wake. Ndiyo maana najibu hivi.

Maelezo niliyoyatoa ni haya. Nilisema pembe ni zangu.

Mboni alikuwa amesimama katikati ya bweni, watu wanamzomea, mmoja anapiga kelele "mchawi, mchawi", naye mdomo haufunguki. Nilimwona anarudi kulekule alikotoka. Nikawaza, mimi baba yangu ni mzee wa kanisa, nani ataniita mchawi? Nikasema ni zangu. Matroni hakuniamini. Akampigia baba simu, akaja. Baba alizitazama zile pembe, akaiona ile nguo, na yeye akaogopa. Akaniuliza, "Mwanangu, haya mafuta ni ya nini?" Nikamwambia sijui, maana hata mimi nilikuwa nimezoea kuyanusa tu bila kuuliza. Akaniambia nikae mbali na Mboni mpaka mambo yajulikane.

Kwa hiyo simwoni. Lakini mama, chumba cha wagonjwa kina ukuta, na nyuma ya ukuta kuna bomba la maji. Kila jioni naenda kuchota. Nabisha kwa kifundo cha kidole, naye anabisha kutoka ndani. Baba alisema nikae mbali. Ukuta upo katikati, nadhani huo ni umbali.

Usipofika Jumamosi watamrudisha nyumbani. Njoo, mama. Na ukija, mimi ni yule mrefu mwenye kovu kwenye nyusi, usije ukamtukana mwingine.

Loveness


Raskazone,
11 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Najua umekasirika kwa nilivyokwambia kwenye simu ya matroni, "Usije, yamekwisha." Simu haikuwa yangu, ningesema mengi vipi?

Saa nne ilifika nyie hamjatokea. Mkuu wa shule akaniweka ofisini na matroni, Mzee Eliudi kakaa kwenye benchi. Wasichana wamejaa nje madirishani kama wanaangalia mpira. Mkuu akaisoma barua yako kwa sauti, yote. Alipofika kwenye "apumue kwa kibali" akavua miwani. Matroni alikuwa anatazama chini. Kisha mkuu akasema, "Mzazi hayupo. Nani atatuonyesha?"

Mama, nikasimama. Nikazichukua pembe nikagonga, nikaimba Wenye nyumba fungueni, si wageni ni wa kwenu. Nikanyamaza. Mkuu akaniuliza, "Ndio umekwisha?" Nikamwambia, "Hapana, mwalimu. Hauendi mpaka nijibiwe." Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyopata kuyasema ofisini tangu nije. Na wa ndani wote watatu hawajui jibu.

Loveness alikuwa nje. Alimtazama baba yake kupitia dirishani, kisha akajibu. Mara ya pili akajibu na mwingine. Kumbe wale waliokuwa wakinicheka walikuwa wakitusikia kila Jumamosi penye kufulia, wimbo umewaingia bila kutaka! Mara ya tatu walijibu wote, na Kristina, mmoja wa wale walioanguka siku ya ukaguzi, akawa anagonga sahani yake ya bati, tena kwa fujo, anaharibu mdundo. Nikamkaripia. Mama, nilimkaripia mtu, na akanisikiliza!

Mzee Eliudi alisimama akasema, "Hii mbona ni kwaya." Matroni hakuomba msamaha. Alikinusa kile kisutu, akakikunja vizuri, akanipa. Pembe zitakaa ofisini, tunapewa Jumamosi. Nimerudi bwenini. Bado wananiita Binti Tembo. Zamani waliniita wakanipita, sasa wananiita ili nije.

Mama, harusi ya dada Sabra si ni kwenye likizo fupi ya Septemba? Mzee Eliudi amekubali Loveness aje na mimi. Anataka kusimama kwenye mstari wa vugo. Naomba.

Mboni


Mkwaja,
18 Agosti 2024

Wanangu Mboni na Loveness,

Hii ni yenu wote, msomeane.

"Usije, yamekwisha"! Mie niliyepigwa jua siku nzima juu ya gunia la mahindi, basi limeharibika hata Pangani hatujafika, Bi Zuleha miguu imemvimba, tumerudi nyumbani kwa trekta la watu! Hotuba niliyokuwa nimeiandaa kwa ajili ya huyo mkuu wa shule bado imenikaa kifuani, simwoni wa kumpa. Nililia. Nimelia kwa furaha, halafu nikalia kwa kuwa mmeyamaliza bila mie. Yote mawili ni haki yangu.

Loveness, nilikutukana. Nimekosa, mama. Sina la kuongeza, kwa sababu kila ninaloongeza linanipunguzia aibu, na aibu hii nastahili kukaa nayo.

Lakini ile hotuba, kumbe Mungu aliniwekea kazi nyingine. Juzi tulikaa kwa Bi Zuleha kupanga harusi ya Sabra. Nikasema binti yangu anakuja na mwenzake, watasimama na sie. Nikaeleza ni nani na wa wapi. Bi Zuleha akazitia pembe zake kapuni akasema, "Mtoto wa manamba? Leso yenyewe hajui kuifunga kiunoni. Vugo si ya kila mpita njia." Na wale wanawake wawili wakaitikia, "Kweli." Walewale! Tuliokwama nao njiani siku nzima kwenda kumtetea mwanangu aliyeonewa kwa kuwa mgeni!

Nikasimama. Nikawaambia, "Nimemwandikia matroni wa watu barua nzima kumsema kwa kumwogopa mtoto asiyemjua. Sasa hiyo barua niwaandikie nyie?" Bi Zuleha akasema, "Usitupandishie sauti, Zuwena, harusi ni ya mpwa wako mwenyewe." Nikamwambia, "Ndiyo, na atatoka kimya kama maiti, maana huyo mtoto asiposimama, na mie sisimami."

Tangu hapo hatusemeshani. Mama yake Sabra amekuja mara mbili kulia. Jana Bi Zuleha kanitumia mtu, ati nimlete, lakini akae mwisho kabisa wa mstari, asionekane sana. Mwisho wa mstari! Nimemrudisha huyohuyo mjumbe. Nimesema atasimama kati yangu na Mboni, na akitaka kujibu kwa hiyo sauti yake ya chini atajibu, na asiyetaka kuisikia ajiweke yeye mwisho.

Hadi naandika hapa, hajajibu. Sijui kama atalegea, ana kichwa kigumu kama changu. Lakini nyie njooni. Mwambieni Mzee Eliudi mwanawe atalala chumba kimoja na Mboni, na Jumapili nitamtafutia wa kumpeleka kanisani, hata kama ni mbali. Loveness, leso nitakufunga mwenyewe, siku hiyohiyo utajua.

Na siku ya harusi, wakija, tutakuwa wengi. Wakigoma, tutakwenda sie mlangoni kwa Sabra, mie na nyie wawili. Watatu nao ni mstari.

Mama yenu,
Zuwena